Maumivu Yasiyo na Jeraha: Endometriosisi na Vyama vya Kusaidiana katika Karagwe na Kyerwa

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mfiwa haachwi azike peke yake. Habari ya msiba ikishafika, wanakikundi hukusanyika: hawa na kuni na maji, hawa na mikungu ya ndizi na maharage, hawa na fedha, na katibu akiandika katika daftari nani ametoa na nani angali anadaiwa. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini naye hatupwi. Hupelekewa chakula, watoto wake hutazamwa, na kibanja chake chaweza kupaliliwa na wengine mpaka atakaporudi.

Ustadi huu wa kusaidiana si jambo la kujisifia tu, umepata kupimwa. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt na wasaidizi wake walizihoji kaya zote 119 za Nyakatoke, jamii ya Wahaya katika iliyokuwa Wilaya ya Bukoba Vijijini, wakimwuliza kila mtu mzima ni akina nani anaowategemea wakati wa shida na ni akina nani wanaomtegemea yeye. Majibu yalipochorwa katika karatasi yalitoa umbo la wavu, uzi ukienda kutoka kaya hii hadi ile. Vilionekana pia vyama vya kuzikana vyenye kanuni, viingilio na michango, na miongoni mwavyo vimo vilivyomsaidia mwanachama aliyelazwa hospitalini. Nyakatoke si Karagwe, wala Wahaya si Wanyambo. Lakini mtu wa Kayanga, wa Nkwenda au wa Murongo akiisoma kazi hiyo hatapata shida kuutambua mtaa wake.

Walakini kila wavu una matundu. Vyama hivi huamshwa na tukio linaloonekana: kifo, kulazwa, kuunguliwa na nyumba. Yako maumivu ambayo kwa kawaida hayaui, ambayo aghalabu hayamlazi mtu hospitalini, hayaachi jeraha wala uvimbe wa kuonyeshwa watu, na ambayo hurudi mwezi baada ya mwezi kwa miaka ishirini au thelathini. Maumivu ya namna hiyo hayana mstari katika daftari la katibu. Miongoni mwake ni yale yaletwayo na ugonjwa uitwao endometriosisi.

UTANDO ULIOPOTEA NJIA

Mji wa mimba umetandikwa kwa ndani utando laini ambao kila mwezi hunenepa, ukijitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotunga, utando huo humeng'enyuka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, chembe zinazofanana na zile za utando huo huonekana zimeota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, katika mirija ya uzazi, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo mpana au kibofu cha mkojo, na mara chache hata kifuani. Huko ugenini chembe hizo huendelea kuitikia amri za homoni kana kwamba zingali nyumbani. Hunenepa na kuvuja damu kila mwezi, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mwili huijibu kwa uvimbe na joto, kisha kwa makovu, na makovu hayo huweza kugandanisha viungo ambavyo vilipaswa kuteleza kila kimoja peke yake. Katika kifuko cha mayai damu ya zamani huweza kukusanyika ikawa nzito na nyeusi kama rojo la chokoleti.

Dalili yake kuu ni maumivu ya tumbo la chini na kiuno wakati wa hedhi, na kwa wengi huanza siku kadhaa kabla yake. Si yale maumivu ya kawaida ambayo msichana hunywa chai ya moto akaendelea na kazi. Humlaza chini, humtapisha, humzuia kwenda shule au shamba. Wengine huumwa wakati wa tendo la ndoa, au wakati wa kwenda haja katika siku za hedhi. Uchovu usioelezeka huambatana nayo. Sehemu kubwa ya wagonjwa hupata shida ya kushika mimba, ingawa walio wengi hatimaye huzaa. Jambo la kushangaza ni kwamba ukubwa wa ugonjwa na ukubwa wa maumivu haviendi pamoja: mwenye madoa machache huweza kugaagaa, na mwenye makovu mengi asijue kwamba anaumwa mpaka anapotafuta mtoto.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake wapatao asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi duniani. Kwa sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule ambao Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya, kila moja ya wilaya hizo mbili ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Ikiwa kadirio hilo la dunia lafaa kwa Kagera pia, basi hata kwa hesabu ya watu wa wakati ule wanawake na wasichana wenye ugonjwa huu katika wilaya hizo hawakupungua 10,000. Ni wachache mno kati yao waliopata kulisikia jina lake.

UGONJWA ULIODHANIWA KUWA WA WENGINE

Kutojulikana huko kuna historia yake, na haikuanzia vijijini. Daktari John Sampson wa mji wa Albany, Marekani, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina katika miaka ya 1920, na ndiye aliyetoa nadharia kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, ikamwagikia ndani ya tumbo na kupanda humo mbegu za utando. Baada yake, daktari mwingine, Joe Vincent Meigs wa Boston, alifundisha kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuolewa na kuzaa. Kutoka hapo hapakuwa mbali kufikia imani kwamba wanawake weusi hawaupati. Mwanamke mweusi aliyelalamikia tumbo aliambiwa kwamba ana uambukizo wa nyonga, ugonjwa ambao kwa maneno mengine humsingizia mwenendo wake.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1976, pale Donald Chatman, daktari wa wanawake huko Chicago, alipotangaza matokeo ya kuwachungulia wagonjwa wake weusi kwa darubini ya tumbo. Alikuta endometriosisi kwa zaidi ya mmoja katika kila watano, na wengi wao walikuwa wameandikiwa kwamba wana uambukizo wa nyonga. Huko Ibadan, Nigeria, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusu wanawake waliotazamwa kwa darubini kama hiyo, wengi wao kwa sababu ya kutopata mtoto au maumivu ya nyonga. Karibu nusu yao walikutwa na ugonjwa huu. Hesabu hizo si za wanawake wote wa Afrika, kwani walioingia humo walikwisha kuwa wagonjwa. Zatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba ugonjwa uliosemwa haupo ulikuwa haujatafutwa tu.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika elimu hii, na si ndogo. Katika kituo cha utafiti wa jamii ya nyani kilichopo Karen, nje kidogo ya Nairobi, ambacho asili yake ni kazi iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, wataalamu wa Kenya wakishirikiana na Thomas D'Hooghe wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waligundua kwamba nyani huota endometriosisi wenyewe, bila kupandikizwa. Tena, kadiri nyani jike alivyokaa kifungoni kwa miaka mingi bila kuzaa, ndivyo alivyoelekea kuwa nao. Mwaka 1995 walionyesha kwamba utando wa hedhi ukichukuliwa na kuwekwa ndani ya nyonga ya nyani huyohuyo, huota ukawa ugonjwa kamili. Hivyo nadharia ya Sampson, iliyokaa miaka 70 ikibishaniwa, ilipata nguvu kutoka kwa nyani wa mbuga za Kenya. Haikumaliza ubishi. Damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi sana, na walio wengi hawaugui. Kwa hiyo lazima pawepo jambo jingine, la urithi au la kinga ya mwili, linaloziachia chembe hizo zishike mizizi. Uchunguzi mkubwa wa urithi uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 60,000, ulikuta sehemu 42 za chembe za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu, na baadhi yake ni zilezile zinazohusiana na kipandauso na maumivu ya mgongo.

Hilo la mwisho lastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu laeleza kwa nini maumivu haya hayafanani na ya kidonda.

NEVA ZINAZOJIFUNZA

Katika kila hedhi mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza msuli wake na kuziamsha neva za maumivu. Katika endometriosisi kemikali hizo huwa nyingi, na vidonda vyenyewe huotesha neva changa. Neva zinazopigwa kila mwezi kwa miaka hujifunza. Uti wa mgongo na ubongo huwa vyepesi kushtuka, kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa ambaye sasa hupiga kelele hata jani likianguka. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huendelea kuumwa katikati ya mwezi, na ndiyo maana kukata vidonda kwa upasuaji kwaweza kusiondoe maumivu yote. Ubongo hausomi tu habari zinazotoka tumboni. Huzipima pamoja na hofu, usingizi, upweke na kumbukumbu za mwezi uliopita. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kudhania. Yana njia zake katika mwili, ila njia hizo hupita pia mahali ambapo maneno ya watu hufika.

Mwaka 2006 James Coan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonya kwamba huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Mwanamke alipokuwa ameshika mkono wa mumewe, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Mkono wa mtu asiyemjua ulisaidia pia, lakini kidogo. Na wale waliokuwa na ndoa njema zaidi walitulia zaidi. Ni jaribio dogo, na woga wa shoti si sawa na maumivu ya nyonga, lakini jambo lililoonekana humo limerudiwa kwa njia nyingine mara kadhaa.

Wataalamu wa maumivu wameona pia upande wa pili, ambao wasaidizi wenye moyo mwema hawaupendi. Mwenzi anayemnyang'anya mgonjwa kila kazi, anayemwambia alale tu na asithubutu kuinuka, mara nyingi huandamana na mgonjwa anayezidi kudhoofu. Msaada unaofaa ni ule unaoyaamini maumivu na bado humwachia mgonjwa mamlaka ya siku yake. Kati ya kupuuza na kubeba kama mtoto pana nafasi nyembamba, na wake wengi wa Karagwe, inaelekea, hawajapata shida ya kubebwa mno.

NJIA NDEFU YA KUPATA JINA

Tumchukue msichana wa kidato cha pili katika shule ya kata. Maumivu yakimwanza, wa kwanza kuambiwa ni mama au shangazi, naye atamjibu kwa nia njema kwamba ndivyo wanawake walivyo na kwamba yataisha akizaa. Yasipoisha hutajwa chango. Neno hili la Kiswahili hubeba mizigo mingi: maumivu ya hedhi, kuchelewa mimba, mimba kuharibika, tumbo kuunguruma. Lina faida yake, kwani humpa mgonjwa neno la kusema mbele ya watu bila aibu. Hasara yake ni kwamba chango hutibiwa kwa dawa za miti za chango, na miezi hupita ikijaribiwa hii na ile. Kisha huja zahanati. Hapo tumbo la chini la mwanamke huwa kwanza uambukizo wa njia ya mkojo, au minyoo, au uambukizo wa nyonga, na dawa za kuua vijidudu hutolewa. Mgonjwa hupata nafuu, kwa sababu hedhi imekwisha. Dawa hupewa sifa. Mwezi unaofuata hali hurudi. Mzunguko huu waweza kuendelea miaka mingi. Katika nchi mbalimbali, hata zile zenye hospitali nyingi, uchunguzi umeonyesha kwamba kati ya dalili za kwanza na siku ya kuambiwa jina la ugonjwa hupita miaka 4 hadi 12.

Zamani ilishikiliwa kwamba bila kutazama ndani kwa darubini ya tumbo ugonjwa hauwezi kuthibitishwa. Kwa mkazi wa Kaisho au Mabira sharti hilo lilikuwa sawa na kumwambia asitibiwe. Wilaya hizi zina hospitali, zikiwamo za makanisa za Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro, lakini uchunguzi wa namna hiyo ni kazi ya hospitali kubwa za rufaa, kama Bugando ya Mwanza, na safari ya Mwanza ni ya siku nzima hata baada ya daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa mwaka 2025 na kuwaondolea abiria adha ya kungoja kivuko. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 ulilegeza sharti hilo. Daktari aweza sasa kuanza tiba kwa kusikiliza historia ya maumivu, kupima nyonga, na kutumia kipimo cha mawimbi ya sauti, kile ambacho wengi hukiita utrasaundi. Darubini huachiwa wale ambao dawa hazikuwafaa au picha haieleweki. Kwa wilaya za pembezoni mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyosikika, kwa kuwa kifaa cha kwanza cha utambuzi kimekuwa sikio.

Dawa zenyewe si ngeni wala si za mbali. Ibuprofeni na jamaa zake huzuia prostaglandini kutengenezwa, na ndiyo maana hufaa zaidi zikimezwa mapema, maumivu yanapoanza au hata siku moja kabla, badala ya kungojwa mpaka yamefikia kilele. Zimezwe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo amwone mganga kwanza. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo husaidia kweli, si faraja tu. Kisha ziko homoni. Vidonge vya kila siku, sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi, ambavyo hutolewa katika zahanati na vituo vya afya kwa uzazi wa mpango, ndivyo pia vinavyotumika kuufanya utando uliopotea njia usinenepe. Havimalizi ugonjwa. Huulaza usingizi, na kwa wengi hilo latosha kurudisha siku zao. Upasuaji huja baadaye, na hata kuondolewa mji wa mimba hakumhakikishii mtu kupona. Ule ushauri wa kale wa kumwoza msichana ili azae apone hauna msingi: mimba huweza kuyatuliza maumivu kwa muda, lakini ugonjwa huweza kurudi.

KIDONGE KATIKA NYUMBA YA WATU

Hapa ndipo tiba inapokutana na jamii uso kwa uso. Msichana asiyeolewa akikutwa na vidonge vya uzazi wa mpango, swali la kwanza la nyumbani halitakuwa juu ya tumbo lake. Mke anayechomwa sindano ile ile ilhali hajapata mtoto ataonekana anakizuia kizazi cha ukoo. Mume aweza kuvitupa vidonge hivyo bila chuki yoyote, akiamini anaokoa uzao wake. Yafaa isemwe wazi kwamba vidonge haviharibu kizazi. Mwanamke huweza kushika mimba baada ya kuviacha. Sindano ya miezi mitatu yenyewe huchelewesha: baada ya kuiacha, miezi kadhaa huweza kupita kabla uwezo wa kuzaa haujarudi, na mwenye kutaka mtoto karibuni hupaswa kuelezwa hivyo kabla ya kuchomwa.

Kwa mwanamke wa Karagwe jambo la mtoto si la moyo tu. Katika familia za ukoo wa baba, nafasi ya mke juu ya kibanja, yaani migomba, kahawa na nyumba iliyozungukwa navyo, kwa desturi ilikuja kwa njia ya mume na ikaimarishwa na watoto. Mwanamke asiyezaa hukaa juu ya ardhi hiyo kama mgeni aliyekawia. Ndipo yaeleweke kwa nini mgonjwa huficha maumivu ya tendo la ndoa, ambayo mumewe huyasoma kuwa ni kumkataa, na kwa nini huficha maumivu ya hedhi, ambayo mama mkwe huyasoma kuwa ni dalili ya tumbo lisilofaa. Anapojilaza siku tatu wakati wa kupanda maharage husemwa mvivu. Siku tatu kila mwezi ni siku 36 kwa mwaka, karibu sawa na msimu mzima wa palizi. Zimo katika uchumi wa kaya, ila hakuna anayezihesabu kama ugonjwa.

Hivyo wavu uleule unaombeba mfiwa ndio unaoweza kumkaza mgonjwa huyu. Majirani ni walewale. Tofauti ni kwamba kifo kina jina, na maumivu yake hayana.

Wako waliojitokeza kuyapa jina. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001 na mwanamitindo aliyefanya kazi katika majiji makubwa ya dunia, alitangaza hadharani kwamba anaugua endometriosisi, akaeleza kwamba maumivu yalimwanza tangu usichana na kwamba amepasuliwa mara nyingi. Akaunda taasisi ya kuelimisha wasichana, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umefika kifuani na kuyadhuru mapafu, alizungumza waziwazi kwa miaka mingi hadi alipofariki dunia mwezi Juni 2024. Sauti hizo zilifika mbali. Lakini mwanamke wa Kyerwa akimsikia mrembo wa mjini redioni aweza kudhani, kama Meigs alivyodhani, kwamba ni ugonjwa wa watu wa namna nyingine. Anayehitaji kumsikia akilitaja neno hilo ni mtu anayekaa naye benchi moja katika kikao cha Jumapili.

MFANO WA RAKAI

Kwamba kikao kama hicho chaweza kuwa tiba si ndoto. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walijaribu jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: kutibu sonona bila daktari wala kidonge. Watu wa huko, wasio waganga, walifundishwa kwa majuma mawili. Kisha kila mmoja aliongoza kikundi cha wanawake au cha wanaume kilichokutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakizungumzia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na nini mtu afanye juma lijalo. Kabla ya hapo karibu wote walikuwa na sonona kali. Baada yake, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki nayo walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyokuwa navyo, asilimia 54.7. Sonona si endometriosisi, na hakuna kikundi kinachoyeyusha kovu la nyonga. Lakini mgonjwa wa maumivu ya miaka mingi aghalabu huwa na vyote viwili, na mtu aliyeinuka katika sonona hupata nguvu za kudai rufaa.

Kagera yenyewe ina kumbukumbu ya karibu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huu mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa ule ulibebwa na minong'ono. Kilichobadilisha hali hakikuwa dawa peke yake. Palihitajika pia watu wa kijijini waliokubali kukaa na mgonjwa, kumkumbusha saa ya kumeza, na kulitamka neno lenyewe mbele ya wengine.

Vyombo vya kufanya hivyo kwa maumivu ya hedhi viko tayari. Vikundi vya vikoba, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, huwa na mfuko wa jamii uliotengwa kando ya hisa, na wanachama wenyewe ndio wanaoamua katika katiba yao ni shida zipi zinazostahili. Kwa kuwa fedha hizo huelekea kwenye msiba na kulazwa, kifungu kimoja zaidi chaweza kuandikwa bila kungoja amri kutoka popote: nauli ya mwanachama, au ya binti yake, anayepewa rufaa kwa maumivu ya hedhi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza. Hata hivyo penye kifungu hicho mtu hulazimika kusimama na kusema anachoumwa, na hapo ndipo faragha inapotaka kulindwa. Mweka hazina mwenye ulimi mwepesi aweza kuua mpango wote kwa siku moja.

Kuhusu wanaume, walio wengi hawajapata kuelezwa. Mume akiitwa kliniki pamoja na mkewe, akaonyeshwa kwa mchoro utando uko wapi na kwa nini tendo linauma, mara nyingi hilo huwa ndilo somo lake la kwanza juu ya mwili wa mwanamke tangu alipomaliza shule. Mama mkwe naye asiachwe nje ya mlango. Huenda yeye mwenyewe aliumwa hivyo ujanani, akavumilia, na akaufanya uvumilivu wake kuwa kipimo cha wengine.

Na kwa msichana aliye peke yake, kuna daftari. Kila siku ya mwezi huandikwa kwa namba moja kutoka 0 hadi 10 maumivu yalikuwa kiasi gani, siku gani hedhi iliingia na kutoka, alimeza nini, na kama alishindwa kwenda shule au shambani. Miezi mitatu yatosha. Mganga wa zahanati anayeletewa kurasa hizo huona kwa mara moja kile ambacho hakionekani katika ziara moja, kwamba namba hupanda kabla ya kila hedhi na kushuka baada yake; hapo dawa za vijidudu hukosa sababu, na barua ya rufaa kwenda Nyakahanga, Isingiro au Bukoba huwa na kitu cha kuandikwa ndani yake.